Harusi Tusiyoalikwa

Swali: "Aprili 2011 binti zangu wawili waliacha kila kitu wakakaa mbele ya runinga kutazama harusi ya William, mjukuu wa Malkia wa Uingereza, na Kate. Walimjua aliyeshona gauni, walijua pete ilikuwa ya nani. Mwaka 2018 ikawa vilevile kwa Harry, mdogo wake William, na Meghan, safari hii na wajukuu juu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Nyeri. Baba yangu alifungwa na Waingereza katika kambi ya Manyani wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau. Nikawauliza, hawa watu ni nani kwenu? Wakacheka. Nieleze wewe uliyesoma historia: kwa nini watu wazima wanapagawa na harusi ya watu wasiowajua? Na Waingereza, wenye bunge na kura zao, wanamtaka mfalme wa nini?"

Shikamoo, Mwalimu.

Niseme ukweli kabla sijajibu: ile ya 2011 na mimi niliitazama, tena nikiwa hukohuko. Nilikuwa mwanafunzi London, na asubuhi ile nilisimama Hyde Park katikati ya umati, mbele ya skrini kubwa zilizowekwa kwa ajili ya waliokosa nafasi barabarani. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 29 Aprili, na serikali ilikuwa imetangaza mapumziko nchi nzima. Ibada ilianza saa tano asubuhi kwa saa zao, kwenu Nyeri ikiwa saa saba mchana. Nilikwenda na daftari kama mtafiti anayejiheshimu. Likarudi karibu tupu, kwa sababu muda wote niliwasikiliza bibi wawili waliokaa kwenye viti vya kukunja mbele yangu. Kuhusu katiba hawakutamka neno. Walisema gauni lina mikono mirefu, vyema, ndivyo inavyofaa kanisani. Walisema mama wa bibi harusi amejikaza sana. Walibishana kama ni adabu kwa mdogo wake bibi harusi kuvaa nyeupe. Ningefumba macho ningedhani niko barazani kwetu Tanga, bibi zangu wanakagua wageni wanavyoshuka kwenye magari.

Wale bibi walikuwa wanatazama harusi, Mwalimu, na harusi kila mtu ni mtaalamu wake. Ukiniwekea mbele bajeti ya serikali ya Uingereza nitaomba miwani na mtu wa kunieleza. Ukiniwekea bibi harusi, hukumu ninayo tayari. Mwandishi mmoja wa Kiingereza, Walter Bagehot, aliliona hili tangu mwaka 1867, akikumbuka watu walivyopagawa mtoto wa Malkia Victoria alipooa mwaka 1863. Kwa maoni yake, ndoa ya mwana wa mfalme ni jambo la kila nyumba, ila limetiwa nakshi, ndiyo maana hata asiyefahamu serikali inavyoendeshwa analishika mara moja. Akaongeza, kwa majivuno ya wanaume wa zama zake, kwamba wanawake wanajali ndoa mara hamsini kuliko baraza la mawaziri. Natamani angewaona wanaume wa Hyde Park waliowabeba watoto mabegani huku macho yao wenyewe hayabanduki kwenye skrini.

Ila hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili inahitaji historia kidogo, kwa sababu tumelishwa kwamba shughuli hizi ni mila ya miaka elfu, na si kweli.

Mwaka 1761 George wa Tatu alioa usiku, ndani ya kanisa dogo la Kasri la St James, binti wa Kijerumani ambaye walionana kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo. Mwanawe, aliyekuja kuwa George wa Nne, alioa hapohapo mwaka 1795 akiwa amelewa hata ikabidi ashikiliwe. Ndoa hizi zilikuwa mikataba kati ya koo zinazotawala, na mikataba hutiwa saini faraghani. Victoria alipoolewa Februari 1840, watu walijipanga barabarani kumwona akipita, na gauni lake jeupe la lesi ndilo lililosaidia kuifanya nyeupe kuwa rangi ya bibi harusi, kiasi kwamba leo shela jeupe linavaliwa Nyeri, Tanga na Goma kana kwamba lilikuwapo tangu Adamu. Lakini hata yeye ibada yake ilifanyika katika kanisa dogo, kwa watu walioalikwa. Umati uliishia barabarani.

Kilichoufungua mlango ni woga. Mwaka 1917 Uingereza ilikuwa vitani na Ujerumani, na mfalme, George wa Tano, alikuwa wa ukoo wenye jina la Kijerumani, Saxe-Coburg na Gotha. Kaisari wa Ujerumani alikuwa binamu yake. Tsari wa Urusi naye binamu yake, na Machi mwaka huo alipinduliwa. Mwezi Juni ndege za Kijerumani zikashambulia London mchana kweupe na kuua watu zaidi ya 150, na ndege hizo, kwa bahati mbaya isiyo na mfano, ziliitwa Gotha. Mwezi uliofuata mfalme akabadilisha jina la ukoo kuwa Windsor, jina la ngome yake. Mwaka huohuo akaamua pia kwamba watoto wake wanaweza kuoa na kuolewa na Waingereza wa kawaida, kwa maana ya watu wasio wa damu ya kifalme. Ule mtindo wa kuagiza wachumba Ujerumani ukaishia hapo.

Mwalimu, hilo la pili ndilo kubwa kuliko jina. Kufikia mwisho wa 1918, Urusi, Ujerumani na Austria hazikuwa tena na wafalme. Windsor walikuwa wamepoteza madaraka kidogo kidogo kwa miaka zaidi ya mia mbili, na sasa waliona jinsi binamu zao walivyofutwa kwa miezi michache. Wakahitaji kazi mpya. Kazi waliyoipata ni kuonekana, na hakuna pa kuonekana vizuri kama harusini. Februari 1919 binamu wa mfalme, Patricia, akafungia ndoa Westminster Abbey, kanisa ambalo harusi ya kifalme ya mwisho kufanyika humo ilikuwa ya karne ya 14. Mwaka 1922 ikafuata ya binti pekee wa mfalme. Mwaka 1923 mwanawe wa pili akamuoa Elizabeth Bowes-Lyon, mtoto wa kabaila wa Uskoti, hapohapo Westminster. BBC, iliyokuwa na umri wa miezi tu, ikaomba kuirusha redioni. Kanisa likakataa, kwa hofu kwamba wanaume wataisikiliza baa na kofia vichwani! Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1934, kofia zikasamehewa, na harusi ya kifalme ikasikika redioni kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo "mila ya kale" tunayoitazama ina umri wa karibu karne moja. Vyombo vya farasi ni vya zamani kweli, kanisa ni la zamani sana, ila mpangilio wenyewe, wa kuwaweka wananchi wote ndani ya harusi, ulibuniwa na watu walioogopa kufukuzwa kazi. Ustadi nao ulikuja na wakati. Victoria alipotawazwa mwaka 1838 hakuna aliyefanya mazoezi ya maana: askofu alimlazimishia pete kwenye kidole kisichofaa, na kabaila mmoja mzee aliporomoka ngazini alipokuwa akienda kutoa heshima.

Sasa nikupeleke kwenye harusi ninayoipenda kuliko zote, na ambayo inakuhusu wewe kuliko unavyofikiri. Ni ya tarehe 20 Novemba 1947. Vita vimekwisha miaka miwili nyuma, lakini Uingereza nguo bado zinanunuliwa kwa kuponi. Elizabeth, binti wa wale waliooana 1923 na mrithi wa taji, akaongezewa kuponi 200 kwa ajili ya gauni. Wanawake nchini wakaanza kumtumia za kwao kwa posta, kwa mamia, na zote zikabidi zirudishwe kwa sababu sheria ilikataza kuhamisha kuponi. Hebu litafakari hilo. Mwanamke anayetia viraka nguo za wanawe anajinyima kuponi ampelekee binti wa mfalme mwenye makasri. Mzungu msomi ataandika kitabu kizima kuhusu saikolojia yake. Sisi tunalijua kwa neno moja: mchango. Kadi ikifika mlangoni, hata mwenye dhiki hutafuta cha kutia kwenye bahasha, maana asiyechanga hayumo. Aliyechanga yumo, na ana haki ya kusema pilau halikuiva.

Zawadi zilizidi 2,500. Mahatma Gandhi alipeleka kitambaa kilichofumwa kwa uzi wa pamba aliousokota kwa mikono yake. Inasimuliwa kwamba bibi yake bibi harusi, Malkia Mary, alidhani ni nguo ya kiunoni akakasirika. Na dada watatu wa bwana harusi hawakualikwa kabisa, kwa sababu waume zao walikuwa Wajerumani. Fikiria harusi ambayo mawifi hawakualikwa! Kwetu Tanga hiyo isingefika kwenye keki.

Koloni la Kenya nalo lilichanga. Likatoa nyumba: Sagana Lodge, hapo kwenu karibu na Kiganjo. Baba yako hakuulizwa, bila shaka, wala jirani zake. Februari 1952 Elizabeth na mumewe Philip walifikia katika nyumba hiyo ya zawadi, wakaenda kulala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti, wakitazama tembo, na usiku uleule baba yake, mfalme, akafariki Uingereza, naye akawa Malkia. Habari alizipata alipokuwa amerudi Sagana. Miezi minane baadaye, Oktoba, Hali ya Hatari ikatangazwa, na gavana aliyekuwa akiwatia watu kizuizini alitawala kwa jina la yule bibi harusi wa 1947. Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wangu kila mwaka wanalikatalia hadi niwaonyeshe maandishi: uhuru ulipofika Desemba 1963, Kenya haikuwa jamhuri mara moja. Kwa mwaka mzima, hadi tarehe 12 Desemba 1964, Elizabeth alikuwa Malkia wa Kenya. Sisi Tanganyika tulikuwa naye vivyo hivyo, Desemba 1961 hadi Desemba 1962. Waganda pia.

Baada ya redio ikaja runinga. Mdogo wake Elizabeth, Margaret, aliolewa Mei 1960 kamera zikiwa ndani ya kanisa kwa mara ya kwanza. Ya Charles, mwana wa Elizabeth, na Diana, wazazi wa William na Harry, Julai 1981, inakadiriwa ilitazamwa na watu milioni 750 duniani. Mkia wa gauni la Diana, mita zaidi ya saba, ulitoka ndani ya gari la farasi umejikunja kama karatasi, na dunia nzima ikauona. Busu la kwenye roshani ya Kasri la Buckingham, ambalo leo watu wanalisubiri kama penalti ya dakika ya tisini, ni la siku hiyo pia. Kabla ya hapo wanaharusi walitoka wakapunga mkono wakaingia ndani. William na Kate wakabusiana mara mbili, na Hyde Park ikalipuka.

Lakini ukitaka kujua ni nini hasa kinachowashika watu, usitazame busu. Tazama ni nani anaruhusiwa kumuoa nani. Hapo ndipo harusi hizi zinapokuwa tamthilia, na tamthilia nzuri kwa sababu haina mwandishi. Desemba 1936 Edward wa Nane aliacha taji kwa sababu alitaka kumuoa Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa na ndoa mbili nyuma yake. Mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uingereza, na kanisa wakati huo halikuwafungisha ndoa watalaka ambao wenzi wao wa zamani wako hai. Oktoba 1955 Margaret akatangaza kwamba hataolewa na Peter Townsend, rubani mtalaka aliyempenda. Dada yake, Malkia, ndiye alikuwa mkuu wa kanisa hilo. Kisha angalia: Aprili 2005 Charles, yeye mwenyewe mtalaka, anamuoa Camilla, mtalaka, kwenye ukumbi wa serikali pale Windsor. Mama yake hakwenda ukumbini, akahudhuria maombi ya kuwabariki kanisani baadaye. Na Mei 2018 Harry anamuoa Meghan Markle, Mmarekani, mtalaka, ndani ya kanisa la Windsor, na anayewafungisha ni Askofu Mkuu wa Canterbury mwenyewe. Jambo lililomng'oa mfalme mwaka 1936 lilipata kwaya mwaka 2018. Camilla naye leo ni Malkia, alivishwa taji Mei 2023.

Kila nyumba ya Uingereza ilipitia mabadiliko hayohayo katika miaka hiyo, talaka, ndoa za pili, watoto wa kambo, mkwe wa rangi nyingine. Wakawa wanayatazama kwa familia moja inayojulikana na wote, kama mtaa unavyomsema jirani ili usijiseme wenyewe. Sheria nayo ilifuata nyuma ikichechemea. Ile ya mwaka 1772 iliyowalazimu ndugu wa kifalme kuomba ruhusa ya kuoa iliondolewa na sheria ya 2013, iliyoanza kutumika Machi 2015. Sasa wanaoomba ruhusa ni sita wa kwanza tu kwenye orodha ya urithi. Aliyeoa Mkatoliki haondolewi tena. Na mtoto wa kiume hamruki dada yake: Charlotte, binti wa William aliyezaliwa Mei 2015, alibaki mbele ya mdogo wake Louis alipozaliwa miaka mitatu baadaye.

Umeniuliza wanamtaka mfalme wa nini. Kwa kifupi, wanamtaka kwa sababu hana la kuamua. Mswada wa bunge unahitaji saini yake, na mara ya mwisho saini kukataliwa ilikuwa mwaka 1708. Agosti 2019 waziri mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia Elizabeth asimamishe vikao vya bunge, akasimamisha. Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria, na aliyeaibika ni waziri mkuu. Malkia alifanya alichoambiwa, kama inavyompasa. Kwa Mwingereza anayependa mfumo huu, uzuri wake ni kwamba mtu unayemchukia, yaani waziri mkuu, siye unayempigia saluti. Nchi yenye rais mtendaji haina anasa hiyo, na wewe na mimi tunajua uchaguzi unavyoweza kumfanya mtu aichukie hata picha iliyotundikwa ukutani ofisini.

Gharama? Wanaowatetea husema familia inajilipia, na hoja hiyo naiona dhaifu. Kuna mali iitwayo Mali ya Taji: majumba ya maduka katikati ya London, mashamba, na sakafu ya bahari inayozunguka sehemu kubwa ya nchi, ambako siku hizi kampuni za umeme wa upepo zinalipia nafasi. Tangu 1760 mapato yake yanakwenda hazina ya serikali, na hazina inamrudishia mfalme ruzuku inayokokotolewa kwa kuangalia faida hiyo. Kwa miaka kadhaa ruzuku ilikuwa pauni milioni 86.3. Mwaka wa fedha 2025/26 imepanda hadi pauni milioni 132.1, sehemu yake ni ya kukarabati Kasri la Buckingham. Lakini Mfalme Charles hawezi kuiuza mali hiyo, na ufalme ukifutwa kesho haitamfuata nyumbani, kwa hiyo kusema "anajilipia" ni kama meneja kujisifu kwamba mshahara wake unatoka kwenye mauzo ya duka. Ulinzi, ambao ndio mzigo mkubwa kwenye harusi, haumo kwenye ruzuku. Mwaka 2011 familia mbili zililipa kanisa, maua na karamu; polisi walilipwa na mlipa kodi. Hata hivyo mtu anayedhani Waingereza wakijumlisha hesabu watawafukuza atasubiri sana. Kura za maoni bado zinaonyesha wengi wanautaka ufalme, ila kwa vijana wa chini ya miaka 25 wanaoutaka hawafiki nusu. Huko ndiko hatari iliko, si kwenye pauni.

Na kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bajeti. Familia ikishajifanya kitu cha kutazamwa, haiwezi kuchagua saa za kutazamwa. Magazeti ya udaku yaliyomtukuza Diana Julai 1981 ndiyo yaliyonunua picha zake za kuviziwa miaka ya baadaye, hadi usiku ule wa Agosti 1997 Paris alipokufa kwa ajali ya gari, mapaparazi, wapiga picha wa udaku, wakimfuata nyuma kwa pikipiki. Gazeti la News of the World lilikuwa na mwandishi wa habari za kifalme aliyefungwa jela mwaka 2007 kwa kudukua ujumbe wa simu wa watumishi wa wana wa kifalme. Uozo huo ulipofumuka wote, gazeti likafungwa Julai 2011, siku zisizofika tisini baada ya harusi ya William. Harry ameshtaki magazeti, na Desemba 2023 mahakama ilimpa haki dhidi ya kundi la magazeti la Mirror. Wanaotazama harusi na wanaosoma udaku ni haohao, Mwalimu, nikiwemo mimi siku za foleni ya kinyozi wa mwanangu.

Turudi kwa binti zako. Mwaka 2011 walikuwa na sababu ya karibu: posa yenyewe ilifanyika kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Oktoba 2010, William akiwa ameibeba pete ya marehemu mama yake ndani ya mkoba wa mgongoni. Mtu wa Nyeri akiisikia hiyo, lazima aulize ni upande gani wa mlima. Ile ya Mei 2018 ina uzito zaidi. Ilikuwa Jumamosi, Ramadhani imeanza siku chache, na jioni kuna fainali ya Kombe la FA kati ya Chelsea na Manchester United, yaani ratiba ilikuwa imejaa. Bado kwetu watu walitazama. Walimwona mama mweusi, Doria Ragland, amekaa peke yake upande wa bibi harusi. Walimsikia Askofu Michael Curry, Mmarekani mweusi, akihubiri hadi wakubwa wa Windsor wakaanza kutazamana. Kwaya ya injili iliimba. Shela la Meghan lilidariziwa maua ya nchi zote 53 za Jumuiya ya Madola, yetu na yenu yakiwemo. Nilikuwa Dar es Salaam siku hiyo, na mama mmoja jirani yangu, ambaye hajawahi kunijadilia siasa, alifuta machozi akasema, "Leo na sisi tumeoza." Januari 2020 wenyewe wawili wakatangaza wanajiondoa kwenye majukumu ya kifalme, na Machi 2021 wakaeleza yao runingani kwa mtangazaji wa Marekani, Oprah Winfrey. Jirani yangu alichukia kama mtu aliyerudishiwa mahari.

Binti zako hawakukosea kucheka ulipowauliza, kwa sababu waliulizwa kuhusu dola na wao walikuwa kwenye sherehe. Wewe nawe hukukosea. Uso na mkono ni vya mwili mmoja, ila ufalme wa kisasa umejengwa ili tuuone uso peke yake. Mkono uliomfunga baba yako ulikuwa wa mawaziri na magavana, na jina lililoandikwa juu ya karatasi lilikuwa la Malkia. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 waliotendewa ukatili katika miaka ile, jumla pauni milioni 19.9, na aliyesimama bungeni kueleza majuto alikuwa waziri wa mambo ya nje. Charles alipokuja Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023 alisema vitendo vile vya ukatili havikuwa na udhuru, akaeleza huzuni na majuto yake. Neno la kuomba radhi hakulitamka. Mfalme asiye na la kuamua haombi radhi mpaka mawaziri wake waamue, nao hawajaamua. Upole uleule unaomfanya apendeze kwenye roshani ndio uliomfunga mdomo mbele ya wazee wa rika la baba yako.

Sagana Lodge, kama unavyojua, ilirudi kwa serikali ya Kenya baada ya uhuru, na siku hizi anafikia Rais. Sidhani kama binti zako wanajua kwamba ilianza kama zawadi ya harusi. George, mtoto wa kwanza wa William, ana dada na mdogo wake, kwa hiyo siku moja wataitwa tena mbele ya runinga, na wajukuu watakuwa wakubwa. Kaa nao. Baada ya ibada kuna robo saa nzima ya farasi kutoka kanisani hadi kasrini, ambapo watangazaji hawana la kusema isipokuwa majina ya farasi. Hapo punguza sauti uwasimulie Manyani.